Matone ya antibiotiki na steroidi

Matone ya antibiotiki na steroidi ni dawa za macho au masikio ambazo katika chupa moja zina vitu viwili vyenye kazi tofauti: antibiotiki, inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, na steroidi ya jamii ya kotikosteroidi, inayotuliza uvimbe, wekundu, maumivu na mwasho. Mbali na matone, dawa hizo hutengenezwa pia kama marhamu ya macho na, kwa masikio, kama dawa ya kupuliza.

Hutumika hasa baada ya upasuaji wa jicho, katika baadhi ya magonjwa ya uvimbe wa jicho yanayoambatana na bakteria, katika maambukizi ya mfereji wa sikio, na kwa watoto waliowekewa mirija katika ngoma ya sikio.

Zikitumika mahali pake, hupunguza maumivu na uvimbe haraka kuliko antibiotiki peke yake. Zikitumika bila uchunguzi, zinaweza kuficha ugonjwa huku unaendelea: jicho huonekana kutulia kumbe konea inazidi kuharibiwa na virusi au fangasi, na baadhi ya antibiotiki zikipita kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka zinaweza kudhuru usikivu. Ndiyo sababu katika nchi nyingi dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari.

## Sababu za kuunganisha dawa mbili

Bakteria wanapoingia katika tishu, madhara hutoka pande mbili. Upande mmoja ni bakteria wenyewe pamoja na sumu zao. Upande wa pili ni mwitikio wa mwili: mishipa midogo ya damu hupanuka, majimaji huvuja, chembe nyeupe za damu hukusanyika, na sehemu hiyo huvimba, huwa nyekundu na kuuma.

Katika sehemu nyingi za mwili uvimbe huo hauleti hasara kubwa, lakini jicho na sikio ni tofauti. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inapaswa kubaki angavu ili mwanga upite. Uvimbe mkali huweza kuacha kovu jeupe linalozuia kuona hata baada ya bakteria kufa. Katika sikio, mfereji wa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, na sehemu yake ya ndani ina ngozi nyembamba iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa. Ngozi hiyo ikivimba haina pa kutanukia: mfereji huziba, maumivu huwa makali, na dawa yenyewe haiwezi kufika ndani.

Antibiotiki hushughulikia bakteria, lakini haizimi uvimbe mara moja. Steroidi huingia ndani ya seli na kupunguza utengenezaji wa kemikali zinazoanzisha uvimbe, zikiwemo prostaglandini. Hata hivyo, kemikali hizo ni sehemu ya ulinzi wa mwili. Anayezima uvimbe anapunguza pia ulinzi, na steroidi ikitumika peke yake mahali penye vijidudu huwapa nafasi ya kuongezeka. Katika dawa ya mchanganyiko, antibiotiki hushika nafasi ya ulinzi uliopunguzwa.

Tatizo ni kwamba antibiotiki hulinda dhidi ya bakteria tu, tena wale inaowaweza. Haigusi virusi, fangasi wala ameba. Faida na hatari kubwa za dawa hizi zote hutokana na jambo hilo moja.

Kuna pia sababu ya urahisi. Mgonjwa mwenye chupa mbili anapaswa kusubiri dakika kama 5 kati ya tone la kwanza na la pili, kwa kuwa jicho haliwezi kubeba zaidi ya tone moja kwa wakati. Chupa moja huondoa usumbufu huo. Hasara yake ni kwamba daktari hawezi kubadili kipimo cha dawa moja bila kubadili cha nyingine. Antibiotiki hutakiwa kutumika kwa kipimo kamili kwa siku chache, kisha iachwe. Steroidi ya jicho iliyotumika kwa muda hutakiwa kupunguzwa hatua kwa hatua, la sivyo uvimbe unaweza kurudi. Kwa hiyo mgonjwa anayehitaji steroidi kwa wiki nyingi kwa kawaida huhamishiwa kwenye steroidi pekee.

## Historia

Sehemu mbili za dawa hizi zilipatikana karibu wakati mmoja. Gramisidini iligunduliwa na René Dubos mwaka 1939 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Polimiksini na kloramfenikoli zilipatikana mwaka 1947. Mwaka 1949 Selman Waksman na Hubert Lechevalier wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walitangaza neomisini, iliyotoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye *Streptomyces fradiae*.

Neomisini ilionekana mapema kuwa kali mno kwa sindano, kwa kuwa hudhuru figo na usikivu. Kwa sababu hiyo ilipata nafasi yake hasa katika dawa za kupaka na za matone, ambako kiasi kidogo tu huingia katika damu.

Kwa upande wa steroidi, mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi na kupata mafanikio yaliyoushangaza ulimwengu wa tiba. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Haidrokotisoni ilifuata, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikapatikana deksamethasoni, ambayo kwa uzito uleule ina nguvu ya kutuliza uvimbe takriban mara 25 ya haidrokotisoni.

Mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi ulianza kutumika tangu miaka ya 1950. Haikuchukua muda mrefu kabla ya madaktari wa macho kuona upande wa pili. Katika miaka ya 1960 Bernard Becker na Mansour Armaly, kila mmoja kwa utafiti wake nchini Marekani, walionyesha kwamba matone ya steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu. Maendeleo ya baadaye yalilenga kupunguza madhara: mchanganyiko wa tobramisini na deksamethasoni uliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na ule wa siprofloksasini na deksamethasoni kwa ajili ya masikio mwaka 2003.

## Aina

Michanganyiko inayofahamika zaidi ni hii ifuatayo:

* Tobramisini na deksamethasoni: kwa macho. Kwa kawaida ina tobramisini 0.3% na deksamethasoni 0.1%. Jina la chapa linalojulikana ni TobraDex.
* Neomisini, polimiksini B na deksamethasoni: kwa macho. Chapa mojawapo ni Maxitrol.
* Neomisini, polimiksini B na haidrokotisoni: hasa kwa masikio, yenye haidrokotisoni 1%. Chapa mojawapo ni Cortisporin.
* Framisetini, gramisidini na deksamethasoni: kwa macho na masikio. Chapa yake ni Sofradex. Framisetini ni neomisini B, yaani ni ndugu wa karibu wa neomisini.
* Betamethasoni na neomisini: kwa macho, masikio na pua. Chapa mojawapo ni Betnesol-N.
* Jentamisini na haidrokotisoni: kwa masikio.
* Siprofloksasini na deksamethasoni: kwa masikio, yenye siprofloksasini 0.3% na deksamethasoni 0.1%. Chapa mojawapo ni Ciprodex.
* Kloramfenikoli na deksamethasoni: kwa macho, katika baadhi ya nchi.
* Tobramisini na loteprednoli: kwa macho. Loteprednoli ni steroidi iliyobuniwa ili ivunjwe haraka na mwili, hivyo huelekea kupandisha presha ya jicho kidogo kuliko deksamethasoni.

Antibiotiki hizo ni za makundi tofauti. Neomisini, framisetini, jentamisini na tobramisini ni za kundi la aminoglikosidi. Siprofloksasini ni ya kundi la kwinoloni. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika matibabu ya sikio, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Matumizi katika macho

Matumizi yaliyozoeleka zaidi ni baada ya upasuaji, kwa mfano wa kuondoa mtoto wa jicho. Kisu huacha uvimbe hata pale ambapo hakuna kijidudu, na jeraha jipya lina hatari ya kuingiliwa na bakteria. Hapo daktari anajua chanzo cha uvimbe, ameliona jicho kwa darubini, na atalitazama tena baada ya siku chache.

Dawa hizi hutumika pia katika uvimbe wa kingo za kope na katika baadhi ya magonjwa ya konea na ya utando wa jicho ambapo uvimbe na bakteria vipo pamoja.

Kwa ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu, faida yake ni ndogo au haipo. Mara nyingi ugonjwa huo husababishwa na virusi, hasa adenovirusi, na hupona wenyewe kwa wiki moja hadi tatu. Antibiotiki haina la kufanya hapo. Hata ukisababishwa na bakteria, kwa kawaida antibiotiki peke yake inatosha.

Kwa kidonda cha konea kilichosababishwa na bakteria, swali kama steroidi iongezwe lilijaribiwa katika utafiti mkubwa uliofanyika India na Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 500 waliokwisha kuanza antibiotiki walipewa ama matone ya steroidi ama matone yasiyo na dawa. Baada ya miezi 3, kwa jumla hakukuwa na tofauti ya uwezo wa kuona kati ya makundi hayo mawili. Tena wagonjwa hao walikuwa wamethibitishwa kwa maabara kuwa na bakteria na walikuwa wametumia antibiotiki kwa angalau saa 48 kabla ya steroidi. Hivyo matokeo hayo hayawezi kutumiwa kama ruhusa ya kutia steroidi katika kidonda ambacho chanzo chake hakijulikani.

## Hatari kwa jicho

### Virusi vya herpesi

Virusi vya herpesi simpleksi, vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, vinaweza kushambulia konea. Mwanzoni jicho huwa jekundu, hutoa machozi na kuumia katika mwanga, kama katika magonjwa mengine mengi. Mgonjwa akitiwa steroidi, wekundu hupungua na maumivu hutulia, lakini virusi huzaliana bila kizuizi. Kidonda chembamba chenye matawi kama mti hupanuka na kuwa kipana, nacho huacha kovu kubwa.

Kidonda hicho hutambulikana kwa njia rahisi. Mhudumu hutia rangi ya fluoreseini katika jicho na kulimulika kwa mwanga wa buluu. Sehemu iliyochubuka hung'aa kijani. Kipimo hicho ni cha muda mfupi, na ni miongoni mwa sababu kuu za kutotia steroidi katika jicho jekundu kabla ya kuchunguzwa.

### Fangasi na ameba

Fangasi huingia konea mara nyingi kupitia mchubuko wa kitu cha mimea: jani la mahindi, mwiba, pumba au kijiti. Steroidi huwasaidia kupenya ndani zaidi ya konea, huku antibiotiki iliyo katika chupa ileile haiwadhuru. Dawa inayotakiwa ni ya fangasi, kama vile natamisini 5%, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017. Hali ni hiyohiyo kwa ameba wa jamii ya *Acanthamoeba*, anayewapata hasa watu wanaovaa lenzi za kubandika machoni na kuzisafisha kwa maji yasiyo salama.

### Presha ya jicho

Presha ya kawaida ya jicho ni takriban milimita 10 hadi 21 za zebaki. Steroidi huzuia majimaji ya ndani ya jicho yasitoke vizuri, na presha hupanda. Tafiti za miaka ya 1960 zilionyesha kwamba baada ya wiki 4 hadi 6 za matone ya steroidi, takriban theluthi moja ya watu hupata ongezeko la wastani, na takriban 5% hupata ongezeko kubwa la zaidi ya milimita 15 za zebaki. Walio katika hatari zaidi ni wenye glakoma, ndugu wa damu wa wenye glakoma, wenye kisukari na watoto.

Kwa kawaida ongezeko hilo haliumi. Mtu huendelea kutia dawa kwa sababu jicho limetulia, huku neva ya jicho inakufa taratibu kuanzia pembeni mwa uoni. Presha inaweza kushuka dawa ikiachwa mapema, lakini sehemu ya neva iliyokufa hairudi.

### Mtoto wa jicho

Steroidi ikitumika kwa miezi au miaka inaweza kusababisha ukungu nyuma ya lenzi ya jicho. Ukungu wa aina hiyo husumbua hasa katika mwanga mkali na wakati wa kusoma.

## Matumizi katika masikio

Ugonjwa unaotibiwa zaidi kwa dawa hizi ni maambukizi ya mfereji wa sikio la nje. Bakteria wake wakuu ni *Pseudomonas aeruginosa* na *Staphylococcus aureus*. Huanza mara nyingi baada ya kuogelea, au baada ya mtu kujichokonoa kwa kijiti cha pamba, kalamu, kiberiti au ufunguo. Dalili yake kuu ni maumivu makali sikio linapovutwa au kigubiko chake kidogo cha mbele kinapobonyezwa.

Matone hutumika kwa kawaida kwa siku 7 hadi 10. Vidonge vya antibiotiki havihitajiki katika hali ya kawaida, kwa sababu matone hufikisha mahali penye ugonjwa kiasi cha dawa kilicho kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachofikishwa na damu. Mfereji ukiwa umeziba, daktari au muuguzi huweka utambi mdogo wa kitambaa au sponji ili dawa ipenye. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga ambaye maumivu yake yanazidi anapaswa kuonwa haraka, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuingia katika mfupa wa fuvu.

Matumizi ya pili ni kwa watoto wenye mirija ya ngoma ya sikio ambao sikio linatoa usaha. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha watoto 230 wa hali hiyo. Kundi moja lilipewa matone yenye basitrasini, kolistini na haidrokotisoni, kundi la pili dawa ya antibiotiki ya kunywa, na kundi la tatu lilitazamwa tu bila dawa. Baada ya wiki 2 usaha ulikuwa bado upo kwa 5% ya watoto wa kundi la matone, 44% ya wale wa dawa ya kunywa na 55% ya wale waliotazamwa tu. Ni mfano mzuri wa faida ya dawa hizi zinapotumika mahali pake.

Matumizi hayo hayahusu usaha wa sikio wa muda mrefu. Sikio linalotoa usaha kwa wiki 2 au zaidi kupitia ngoma iliyotoboka huhitaji kwanza kukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, kisha matone ya kwinoloni kama siprofloksasini kwa wiki 2. Huo ndio utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto katika zahanati na vituo vya afya.

## Hatari kwa sikio

Aminoglikosidi huweza kuua seli zenye vinywele zilizo katika koklea, kiungo chenye umbo la konokono kinachogeuza sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Ngoma ya sikio ikiwa nzima, tone la neomisini hubaki katika mfereji wa nje na haliwezi kufika huko. Ngoma ikiwa imetoboka, dawa huingia sikio la kati, na kutoka hapo inaweza kupenya kwenye sikio la ndani. Matokeo yanaweza kuwa mvumo masikioni, kizunguzungu au upotevu wa usikivu.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri kutumia dawa zisizodhuru usikivu, kama za kwinoloni, pale ngoma isipokuwa nzima au isipojulikana hali yake. Mhudumu hujua hali hiyo kwa kutazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa, si kwa kuangalia usaha kutoka nje.

Watu wachache wana mabadiliko ya kurithi katika mitokondria, yanayopitishwa na mama kwa watoto wake, ambayo hufanya seli za usikivu ziwe dhaifu sana mbele ya aminoglikosidi. Familia ambayo upande wa mama una watu waliopoteza usikivu baada ya kupewa dawa hizo inapaswa kumweleza daktari.

Neomisini pia husababisha mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu: mfereji na sikio lenyewe huwasha, huwa jekundu na kutoa maji. Mara nyingi hali hiyo hudhaniwa kuwa ni ugonjwa unaoendelea, na mgonjwa huongezewa dawa ileile inayomdhuru. Matumizi ya muda mrefu huweza vilevile kuua bakteria wa kawaida na kuacha nafasi kwa fangasi wa sikio, ambao hutambulika kwa mwasho mkali na uchafu mweupe au mweusi ndani ya mfereji.

## Matone ya macho na matone ya masikio

Dawa ya macho lazima iwe safi kabisa bila kijidudu chochote, na uchachu wake hurekebishwa ili isiunguze. Dawa ya masikio haifungwi na masharti hayo yote. Baadhi yake zina viyeyusho au asidi inayoweza kuunguza konea. Kwa hiyo madaktari wakati fulani huagiza matone ya macho yatumike sikioni, lakini matone ya masikio hayapaswi kamwe kutiwa jichoni. Chupa zinafanana kwa umbo na ukubwa, hivyo jina na maelezo yasomwe kila mara kabla ya kutia dawa.

## Namna ya kutumia

Kwa macho:

1. Mikono hunawiwa kwa sabuni, na chupa hutikiswa ikiwa dawa ina unga uliotuama.
2. Kichwa huinamishwa nyuma na kope ya chini huvutwa taratibu ili kufanya mfuko mdogo.
3. Tone moja hutiwa katika mfuko huo bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope.
4. Jicho hufumbwa, na kona yake iliyo karibu na pua hubonyezwa kwa kidole kwa dakika 1 hadi 2, ili dawa isiteremke puani na kooni.

Kwa masikio:

1. Chupa hushikwa viganjani kwa dakika chache ipate joto la mwili, kwa kuwa tone baridi huweza kuleta kizunguzungu.
2. Mgonjwa hulala ubavu, sikio linaloumwa likiwa juu.
3. Sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma, la mtoto mdogo chini na nyuma, ili mfereji unyooke.
4. Baada ya kutia dawa, mgonjwa hubaki amelala kwa dakika 3 hadi 5.

Dawa ya mtu mmoja haitumiwi na mwingine, hata kama dalili zinafanana. Chupa nyingi za matone ya macho hutakiwa kutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Lenzi za kubandika hazivaliwi wakati wa matibabu. Mgonjwa hurudi hospitali haraka akiona uwezo wa kuona umepungua, maumivu ya jicho yameongezeka, doa jeupe limetokea juu ya konea, usikivu umeshuka, kizunguzungu kimeanza, au hakuna nafuu baada ya siku 2 hadi 3.

## Afrika Mashariki

Hatari zilizotajwa zina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Tafiti kutoka Uganda na Tanzania zimeonyesha kwamba fangasi ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vidonda vya konea katika eneo hilo, ambako watu wengi huishi kwa kilimo na huumia macho shambani. Mkulima aliyechomwa na jani la mahindi akipewa matone ya steroidi hupata nafuu ya siku chache, naye huchelewa kufika kwenye hospitali yenye darubini na dawa ya fangasi. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni huongeza ucheleweshaji huo na huweza kuleta vijidudu vipya.

Kundi jingine ni watoto wenye mzio sugu wa macho, unaoleta mwasho mkali na kuwafanya wayasugue macho mara kwa mara. Matone yenye steroidi huwatuliza haraka, na mzazi akiona hivyo anaweza kununua chupa ya pili na ya tatu bila kurudi kwa daktari. Baadhi ya watoto hao hufika kliniki miaka kadhaa baadaye wakiwa na glakoma, na uoni wa pembeni umekwisha kupotea.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea nchini Tanzania, ukiwemo mkoa wa Dar es Salaam, na pia katika pwani ya Kenya. Ulisababishwa na virusi. Katika mlipuko wa aina hiyo hatua za msingi ni kunawa mikono, kutochangia taulo na mito, na kwenda kituo cha afya uoni unapopungua. Matone ya mchanganyiko hayazuii virusi kuenea.

Usajili wa dawa hizi husimamiwa Tanzania bara na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, na Uganda na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani huweka antibiotiki za macho na steroidi ya macho kila moja peke yake. Mpangilio huo humwezesha mhudumu wa kituo kidogo, asiye na darubini, kumpa mgonjwa antibiotiki pekee na kumpeleka mbele bila kuficha dalili ambazo daktari wa macho atahitaji kuziona.